Nani Mshenzi? Historia Fupi ya Kumfundisha Mbwa, Kutoka Kongo hadi DeSoto

Utangulizi

Mwezi wa tatu mwaka huu mdogo wangu alileta nyumbani mtoto wa mbwa. Nyumbani kwetu ni DeSoto, kusini mwa Dallas, ambako familia yetu imeishi tangu nilipokuwa darasa la nne, na ndiko ninakotoka kila asubuhi kuja chuoni. Mbwa huyo, au kilebu kama yasemavyo makamusi, alikuwa na umri wa wiki kama kumi. Katika wiki tatu za kwanza alitafuna kandambili mbili, waya wa taa, kona ya kochi, na mwisho mswala wa ukindu ambao bibi aliusuka Tanga na kumkabidhi mama siku ya safari. Usiku alibweka. Jirani wa upande wa kulia akabandika karatasi mlangoni, kwa adabu, akisema ana mtoto mchanga na kwamba kelele zikiendelea atawaita watu wa manispaa.

Mama hakupiga kelele. Aliushika ule mswala, akautazama upande ulioliwa, akasema neno moja: "Mshenzi." Kisha akatupa wiki mbili. Mbwa anyamaze na aache kutafuna vitu vya watu, ama arudi alikotoka.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, si mfundishaji wa mbwa. Nilikwenda maktaba kutafuta namna ya kumnyamazisha mbwa, nikajikuta nikilifuata neno la mama. Ndugu wanachama na walimu wetu, makala hii ni matokeo ya wiki hizo mbili. Nitaanza na neno lenyewe, nipite Kongo kwa mbwa asiyebweka, nieleze jinsi watu wa Marekani na Ulaya walivyobadili mawazo kuhusu kumfundisha mbwa, nirudi pwani na Morogoro, kisha nimalizie mlangoni kwetu. Hoja yangu ni moja: kubweka na kutafuna havikuwa makosa mpaka mbwa alipoingizwa katika nyumba isiyo na kazi ya kumpa, na kila walipofaulu kumfundisha, watu walianza kwa kuuliza anafanya hivyo kwa nini.

Neno lililosafiri na misafara

Leo "mshenzi" ni tusi la mtu asiye na adabu. Katika karne ya 19 lilikuwa pia neno la mpaka. Watu wa miji ya pwani, Waislamu, wenye nyumba za mawe na kanzu, walijiita waungwana, na watu wa bara wasiokuwa Waislamu wakawaita washenzi. Mtu aliyeletwa pwani kutoka bara akiwa mtumwa alifika akibeba jina hilo. Kujifunza Kiswahili, dini na mavazi ya mjini ilikuwa njia yake ya kulivua, na watoto wake waliozaliwa pwani waliitwa wazalia.

Misafara ya pembe na watumwa ilikwenda na maneno yake. Ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema na Kasongo. Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa na makao huko, na mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Mfalme Leopold wa Pili katika Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Waungwana wake walisema Kiswahili, na Kiswahili kikaota mizizi mashariki mwa Kongo kwa jina la Kingwana. Wenzetu wa darasa la isimu wanajua kilichotokea kwa viambishi: huko wa- ya pwani husikika kama ba-. Watoto ni batoto, na washenzi wakawa basenji. Lingala nayo ina neno hilohilo.

Wabelgiji walipotawala walilikuta neno tayari, wakalitumia. Basenji walikuwa watu wa vijijini, wasiohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwaka 1948 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilianzisha kadi ya sifa za uraia kwa Waafrika wachache, na mwaka 1952 ikaongeza utaratibu wa kuwaandikisha wale walioonekana kuishi kama Wazungu. Wakaguzi waliingia nyumbani kwa mwombaji kutazama anavyoishi. Asiyefaulu alibaki upande ule mwingine wa neno.

Hapa DeSoto tuna jirani, mzee kutoka Lubumbashi, ambaye huja kwetu siku za Jumapili kunywa chai. Nilimwuliza kuhusu neno hilo. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Baba yangu aliitwa basenji na mzungu wa mgodini. Mimi niliitwa hivyo na batu ya mjini, weusi wenzangu." Nilipomwambia kwamba katika nchi hii kuna mbwa wa fahari anayeitwa basenji na kuuzwa kwa dola nyingi, alicheka, lakini si kwa furaha.

Mbwa asiyebweka, na kengele yake

Mbwa huyo yupo kweli. Ni mbwa mdogo wa misitu ya Kongo na kusini mwa Sudan, mwenye masikio yaliyosimama, paji lenye mikunjo na mkia uliojiviringa. Sifa yake kubwa ni kwamba habweki kama mbwa wengine. Hana ububu: hulia, huguna, na hutoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba bila maneno. Mara mojamoja huweza kutoa mbweko mmoja tu, basi. Jina lake kwa maana ya asili ni mbwa wa watu wa vijijini, yaani mbwa wa washenzi.

Wazungu walijaribu mapema kumpeleka Uingereza. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts, wakafa kwa ugonjwa wa sotoka ya mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua sita kutoka kusini mwa Sudan, nao wakafa baada ya kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huohuo. Ni Olivia Burn aliyefanikiwa: mbwa aliowatoa Kongo walionyeshwa Crufts mwaka 1937, na watu wakajazana kumtazama mbwa asiyepiga kelele. Katika miaka ya 1940 basenji alikwisha kutambuliwa rasmi Marekani. Mwaka 1954 James Street alitoa riwaya juu ya basenji aliyepotea katika vinamasi vya Mississippi, nayo ikawa filamu mwaka 1956. Wamarekani walipoona damu ya mbwa hao imekuwa nyembamba na magonjwa ya kurithi yamezidi, baadhi yao walisafiri hadi kaskazini mwa Zaire mwaka 1987 na 1988 kutafuta wengine. Walikwenda kuomba mbwa kwa watu walewale ambao jina la mbwa linawadharau.

Jambo lililonisimamisha katika habari zote hizo ni dogo. Wawindaji wa Kongo huwafunga mbwa hawa kengele ya mbao shingoni. Sababu yake ni kwamba mbwa ni kimya mno: akiingia kichakani humjui alipo, na mnyama hashtuki kukimbilia wavuni. Kwa hiyo mwindaji humpa sauti. Kule Kongo ukimya wa mbwa ndio uliokuwa tatizo, na dawa yake ilikuwa kengele. Huku DeSoto sauti ya mbwa ndiyo tatizo, na madukani dawa inayouzwa ni ukanda wa shingoni unaompiga shoti ya umeme kila akibweka. Mbwa ni yuleyule. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa na umbali kati ya nyumba na nyumba.

Basenji akaingia pia maabara. Kuanzia mwaka 1945, J. P. Scott na John Fuller walifanya utafiti wa tabia za mbwa katika Jackson Laboratory huko Bar Harbor, jimbo la Maine, na mwaka 1965 wakatoa kitabu chao kikubwa juu ya kurithi na tabia ya mbwa. Walitumia aina tano za mbwa, na basenji alikuwa mmojawapo. Walipomzalisha basenji na koka spanieli, ambaye hubweka kwa jambo dogo tu, watoto walielekea upande wa koka. Kubweka, kwa sehemu, ni urithi. Jambo la pili walilolionyesha ni muhimu zaidi kwa mwenye mtoto wa mbwa: kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mbwa hujifunza ni nani na ni nini cha kawaida duniani. Asichokizoea katika wiki hizo atakiogopa baadaye, na mbwa mwenye hofu hubweka. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Maine walipima ubichi huo kwa wiki.

Fimbo, kisha chakula

Kabla sijaeleza namna ya kufundisha, lazima niseme jambo kuhusu mji wetu. DeSoto ulipata jina lake mwaka 1881, ofisi ya posta ilipofunguliwa, kwa heshima ya daktari aliyependwa na watu, Thomas Hernando DeSoto Stewart. Lakini jina la daktari lenyewe linarudi nyuma hadi kwa Hernando de Soto, Mhispania aliyetua Florida mwaka 1539 na watu zaidi ya 600, farasi, nguruwe na mbwa wa vita. Mbwa hao walifundishwa kuwakamata na kuwararua wenyeji. Jambo hilo lilikuwa la kawaida mno katika vita vya Wahispania hata lugha yao ikawa na kitenzi maalumu cha kumtupia mtu mbwa. De Soto alikufa mwaka 1542 kando ya mto Mississippi, na mabaki ya jeshi lake yakaingia mashariki mwa Texas mwaka huohuo.

Nasema haya kwa sababu leo wakazi wengi wa DeSoto ni Wamarekani weusi, na baadhi ya wazee hapa hawapendi mbwa kwa sababu isiyo ya dini wala ya usafi. Mababu zao waliotoroka utumwa waliwindwa kwa mbwa. Mwezi wa Mei 1963, huko Birmingham, Alabama, polisi wa Bull Connor waliwaachia mbwa watoto wa shule waliokuwa wakiandamana, na picha zake zikaonekana dunia nzima. Wahenga wa pwani walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na msasi ni mwindaji kwa Kiswahili cha zamani. Nairobi na Dar es Salaam bado unaona mageti yameandikwa "Mbwa Kali", maandishi yaliyorithiwa kutoka zama za walowezi pamoja na kosa lake la upatanisho wa kisarufi. Walowezi hao wa Kenya, kwa njia, mbwa wa asili asiye na ukoo walimwita kwa neno letu hilohilo: shenzi.

Mafunzo ya mbwa katika vitabu vya Ulaya yalitoka upande huo wa jeshi na polisi. Mwaka 1910 Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, aliandika mwongozo uliotumiwa kwa miongo mingi. Alielewa vizuri kwamba mbwa hujifunza kwa matokeo ya tendo lake, lakini sehemu kubwa ya matokeo aliyopendekeza yalikuwa maumivu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mbinu hizo ziliingia katika nyumba za kawaida za Marekani. Kitabu cha William Koehler cha mwaka 1962 kilisomwa na watu wengi sana. Mbwa akichimba shimo, Koehler alishauri lijazwe maji na kichwa cha mbwa kizamishwe humo. Mbwa wengi waliacha kuchimba. Hakuna aliyewauliza walikuwa wakitafuta nini.

Njia nyingine ilianzia maabara. Edward Thorndike, mwaka 1898, alieleza jinsi paka waliofungiwa katika visanduku walivyorudia tendo lililowafungulia mlango. B. F. Skinner aliendeleza wazo hilo, na mwaka 1951 aliandika makala ya kumweleza mtu wa kawaida jinsi ya kumfundisha mnyama: toa sauti fupi mara tu mnyama anapofanya unachotaka, kisha mpe chakula. Sauti humwambia ni tendo gani hasa lililolipwa.

Wanafunzi wawili wa Skinner, Keller na Marian Breland, waliigeuza elimu hiyo biashara, wakahamia Hot Springs, Arkansas, safari ya saa chache kutoka hapa kwa barabara ya I-30. Walifundisha kuku, bata, mbuzi na wanyama wengine wengi kwa maonyesho na matangazo. Lakini mwaka 1961 waliandika makala ya kukiri kushindwa, na kwangu hiyo ndiyo hati muhimu kuliko zote nilizosoma. Nguruwe aliyefundishwa kubeba sarafu ya mbao na kuitia katika kibubu alifanya vizuri mwanzoni. Kadiri siku zilivyopita aliitupa chini, akaifukua kwa pua, akairusha, akaifukua tena, kama nguruwe anavyotafuta chakula ardhini. Rakuni naye hakuziachia sarafu zake. Alizisugua moja kwa nyingine kama anavyofanya kwa chakula chake. Walikuwa wakilipwa kwa kuweka sarafu, hawakulipwa kwa kufukua wala kusugua, lakini asili ilirudi. Wale waliojua kulipa kuliko watu wote Marekani walitambua kwamba malipo peke yake hayamgeuzi mnyama kuwa kitu kingine.

Baada yao historia inakwenda haraka. Karen Pryor, aliyefundisha pomboo Hawaii katika miaka ya 1960, ambao huwezi kuwafunga kamba wala kuwapiga kwa sababu wataogelea tu waondoke, aliandika kitabu mwaka 1984 kilichopeleka njia hiyo kwa wenye mbwa. Ian Dunbar, daktari wa mifugo, alianzisha California madarasa ya watoto wa mbwa wasiofungwa kamba, wakiwa bado katika miezi ya kwanza. Kabla ya hapo shule nyingi zilingoja mbwa afikishe miezi sita, yaani samaki awe amekwisha kukauka.

Kuhusu kutafuna, mchango mkubwa haukutoka kwa mtaalamu. Katika miaka ya 1970, huko Colorado, Joe Markham alikuwa na mbwa aliyeitwa Fritz, ambaye alitafuna mawe mpaka akaanza kuharibu meno. Siku moja Markham alikuwa akitengeneza gari lake la Volkswagen, na Fritz akachukua kipande cha mpira kilichotoka chini ya gari na kukataa kukiachia. Markham akatengeneza mfano wake, na ndio mpira wenye uwazi ndani unaouzwa leo kwa jina la KONG. Hakumzuia mbwa kutafuna. Alimpa kitu cha kutafuna.

Pwani na Morogoro

Msomaji anaweza kudhani kwamba habari hii yote ni ya Wazungu, na sisi tumekuja kujifunza tu. Sivyo.

Mama amelelewa katika madhehebu ya Shafii, kama Waislamu wengi wa pwani yetu. Kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Ndiyo sababu mswala ulioliwa haukuwa hasara ya ukindu peke yake. Lakini dini hiyohiyo ina mlango wa mbwa aliyefundishwa. Qur'ani, katika sura ya Al-Maida aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Wanazuoni wakalazimika kuuliza: mbwa aliyefunzwa ni yupi? Wakaweka alama. Akitumwa aende. Akizuiwa asimame. Akikamata mnyama asimle. Na hayo yarudiwe mpaka ijulikane kwamba si bahati.

Ukizitazama alama hizo kwa makini, utaona ni mtaala. Zinapima jambo ambalo mdogo wangu alikuwa akilitafuta katika video za simu: mbwa mwenye kitu mdomoni ambaye hakitafuni kwa sababu amefundishwa. Zilikuwa zikisomeshwa katika darasa za fiqhi Lamu na Zanzibar kabla Koehler hajazaliwa. Na ni mama mwenyewe aliyenikumbusha, bila mimi kuuliza, hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji katika kiatu chake ili kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. "Lakini hakuingia naye ndani," akaongeza.

Sasa Morogoro. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lina makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru. Wafundishaji Watanzania huko huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya huzoeshwa kwa watu na kelele wangali wadogo. Kisha huja sauti fupi ya kidude kinachobofywa, na ndizi au karanga. Ni somo la Skinner, hatua kwa hatua, likifundishwa kwa Kiswahili. Panya mmoja, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Alikufa mwezi wa Januari 2022. Wafundishaji wake hawakumkataza panya kunusa na kukwangua ardhi, maana hizo ndizo tabia zake. Walimwonyesha mahali pa kukwangua. Akina Breland walipata somo hilo kwa kushindwa. Morogoro wamelifanya msingi wa kazi.

Wiki mbili za DeSoto

Kwa hiyo nilirudi nyumbani na swali badala ya dawa. Wazo la kwanza la mdogo wangu lilikuwa kumfunga mbwa kwa mnyororo uani usiku. Hilo halikuwezekana: tangu Januari 2022 sheria ya Texas inakataza kumwacha mbwa nje peke yake amefungwa mnyororo, na inataka awe na kivuli, maji safi na kibanda. Wazo la pili lilikuwa ule ukanda wa umeme. Mama ndiye aliyelikataa. "Nimesema anyamaze," alisema, "sikusema ateswe."

Nilichukua daftari nikafanya kazi ninayoijua. Kila alipobweka niliandika saa na kilichotokea kabla yake. Baada ya siku nne daftari lilisema wazi. Mchana alibweka akiona watu kupitia dirisha la sebuleni, tukalishusha pazia. Jioni alibweka akichoka, kama mtoto anayelilia usingizi, tukamlaza mapema. Usiku alibweka karibu kila siku saa tano na dakika chache, mlango wa gereji ya jirani ulipofunguka. Jirani huyo alikuwa akirudi kutoka zamu yake ya kazi. Mbwa wetu alilala katika chumba cha kufulia, ukuta kwa ukuta na gereji hiyo, peke yake gizani. Alikuwa akifanya kazi ambayo kila mbwa wa Tanga anasifiwa kwa kuifanya.

Tulihamishia kizimba chake upande wa pili wa nyumba, nje ya mlango wa mdogo wangu, mbali na chumba cha mama cha kuswalia. Usiku wa kwanza alilia. Usiku wa tano hakuamka. Nilimpelekea jirani maandazi na habari ya gereji. Alicheka, akaniomba radhi yeye, ingawa hakuwa na kosa.

Kutafuna tulikueleza kwa hesabu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na kuanzia miezi minne hivi humtoka na kupisha 42 ya ukubwa. Fizi humwasha. Tulimnunulia mpira wenye uwazi, tukaujaza wali na mchuzi kidogo, tukaugandisha katika friza. Kila alipokamata kiatu hatukupiga kelele. Tulimbadilishia. Viatu tukaviweka juu, jambo ambalo mama alikuwa akituomba tufanye tangu mwaka 2011.

Shida ya mwisho ilikuwa ya Kiswahili. Mdogo wangu alisema "kaa" akimaanisha aketi. Mama alisema "kaa" akimaanisha akae mbali. Mimi nilisema "kaa" nikimaanisha asiondoke alipo. Mbwa alitutazama sote watatu, akabweka. Nadhani hiyo ndiyo sababu moja ya mbwa wengi niliowajua Dar es Salaam kuamrishwa kwa Kiingereza hata na watu wasiokizungumza. Tulikaa kikao tukagawana vitenzi: "keti", "ngoja" na "ondoka". Neno "kimya" tulilifundisha kwa njia ya Morogoro: akinyamaza hata kwa pumzi moja, sauti fupi, kisha kipande cha kuku. Baada ya siku kumi "kimya" lilikuwa neno alilolipenda kuliko yote.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya kumfundisha mbwa ina njia mbili. Moja inatoka kwa mbwa wa vita wa de Soto hadi ukanda wa umeme, nayo huuliza namna ya kumnyamazisha. Nyingine inapita kwa mwindaji wa Kongo na kengele yake, kwa wanazuoni na alama zao, kwa akina Breland na nguruwe wao, na kwa wafundishaji wa Morogoro. Hiyo huuliza sauti na meno vina kazi gani, kisha huvitafutia mahali. Nimeonyesha pia kwamba neno letu, tulilowaitia wengine washenzi, lilitembea mbali kuliko tulivyodhani na likarudi likiwa jina la mbwa. Walimu wetu wa isimu watanisahihisha nilipokosea kuhusu viambishi.

Mswala haukutengenezeka. Mama alikata upande ulioliwa, akaushona ukingo kwa kitambaa cha kanga, nao sasa unatundikwa ukutani. Wiki mbili zilipita na hakuna aliyezitaja. Jumapili iliyofuata mzee wa Lubumbashi alikuja na kengele ndogo ya mti aliyoichonga mwenyewe. Mdogo wangu akaifunga shingoni mwa mbwa, ili mama amsikie anapokaribia na kuinua nguo zake kwa wakati. Tangu siku hiyo mbwa anaitwa Njuga. Mama naye humwita hivyo, ingawa kwa mbali, akiwa amesimama ndani ya mlango.